Riverbu ya bure iko chooni kwenu

Ndugu zangu mnaomiksi muziki nyumbani hapa Lamu, kabla hujalipia plagini nyengine ya riverbu, yaani programu ya kutia mwangwi kwenye rekodi, jaribu hivi: chukua spika uiweke kwenye choo cha nyumba ya zamani, zile za mawe zenye kuta za chokaa na birika, ielekeze ukutani sio kwa maiki, cheza trak ya sauti ya mwimbaji peke yake halafu rekodi ule mwangwi kwa maiki iliyo kona ya pili. Bill Putnam, fundi wa kurekodi wa Marekani, alifanya hivohivo Chicago mwaka 1947, bafu la studio ndo likawa chumba cha mwangwi.

Ukishaipata hiyo trak icheleweshe milisekunde 30 hivi, maneno yabaki wazi mbele na mwangwi uyafuate. Na hapa ndo wengi wanaharibu: kata masafa ya chini ya 600 Hz (yale mazito) na ya juu ya 10 kHz (yale makali) kwenye riverbu tu, sio kwenye sauti yenyewe, ule uzito wa chini ndo unaofunika kila kitu. Udi wangu ninaoupiga ulikua hausikiki kabisa, nilipokata tu nikasikia hadi vidole vinavyoteleza juu ya nyuzi, wallahi nilifurahi.

Rekodi usiku baada ya isha, punda wakishatulia.