Beringi ikifa Pemba na fundi yuko Unguja

Kiwandani petu, nje kidogo ya Chake Chake, tunakamua mbata na kujaza mafuta ya nazi kwenye chupa. Siku moja beringi ya mashine ya kukamua ikafa. Fundi yuko Unguja. Tukamngoja siku mbili, mbata zinaota ukungu stoo. Alipofungua, grisi ilikuwa imeshikana na vumbi la mashudu, ngumu kama udongo. Kumbe kijana wa mashine alikuwa akiisikia inalia wiki nzima. "Nlidhani kazi ya fundi," akasema.

Neno hilo ndilo linalopigwa vita na TPM, utaratibu wa Wajapani wa matengenezo yanayomhusu kila mtu. Nippondenso, watengenezaji wa vipuri vya magari, walitunukiwa kwa ajili yake mwaka 1971. Sisi ni watu kumi na nne tu, lakini umetufaa.

Chagua mashine moja, ile inayokusumbua zaidi. Mabango yasubiri. Zima umeme kwenye swichi kuu, piga kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa anayeingiza mkono ndani. Kisha isafisheni nyote, mkubwa wa kiwanda naye akunje mikono. Mafuta ya nazi yakichanganyika na vumbi huwa gundi; tulikwangua asubuhi nzima, na chini yake tukakuta nati zimelegea, mkanda umechanika, na bolti za upande wa baharini zimeliwa na chumvi. Kila kasoro itundikie kadi: nyeupe ataishughulikia mwendeshaji, nyekundu ni ya fundi. Kwetu nyeupe zilikuwa nyingi zaidi, na hapo ndipo watu walipoacha kunicheka.

Halafu ziba chanzo cha uchafu. Sisi kipande cha bati kilitosha kuzuia mashudu yasiruke. Bila hicho tungefagia mpaka leo. Nati zilizokazwa zichore mstari wa rangi, ikilegea mstari unapinda, hata asiyejua spana anaona. Dakika kumi kabla ya zamu ni za kufuta, kutia grisi na kusikiliza.

Hesabu nayo msiiogope. Zamu yetu ya kujaza chupa, ukitoa mapumziko, ni dakika 450. Siku moja tulisimama 90: tukafanya kazi asilimia 80 ya muda. Mashine hujaza chupa 10 kwa dakika, kwa hiyo tulistahili 3,600. Tukapata 2,700, yaani asilimia 75. Kati ya hizo mbovu zilikuwa 135, nzuri asilimia 95. Zidisha zote tatu: asilimia 57. Viwanda vizuri hulenga 85.

Nilidhani tatizo ni kuharibika. Kumbe zile chupa 900 zilizopotea ziliondoka na vifuniko vinavyokwama sekunde chache, kijana anagonga kwa kidole, mashine inaendelea, hakuna anayeandika. Tukamfungia daftari kwa kamba pale pale. Kila akigonga, anapiga mstari.