Mkokoteni wa tairi za bodaboda kwa shamba la mlimani: hela weka kwenye tairi na breki

Wakulima wenzangu wa Uporoto, Umalila, Rungwe, Makete mpaka kule Kilolo, tunajuana, shamba liko mlimani barabara iko bondeni, toyo (pikipiki ya mizigo) inafika kiangazi tu mvua ikianza Novemba ndo basi tena, kuanzia hapo kila kitu kinapita kichwani na mgongoni. Mbolea mfuko kilo 50, pampu ya maji na mipira yake, madumu ya kupigia dawa, na mwisho viazi vyenyewe. Unakuta mama wa watu kabeba mzigo ambao hata punda angegoma, na kesho yake anarudi palepale. Mkokoteni mdogo wa kuvuta kwa mkono unaondoa sehemu kubwa ya hayo mateso, na fundi seremala wa kijijini anautengeneza, hata umeme wa kuchomelea hauhitajiki.

Wengi wanakimbilia toroli la ujenzi. Toroli ni zuri kwa mchanga kwenye uwanja tambarare, ila shambani lina tairi moja dogo linalozama kila shimo, na mzigo unakaa kati ya tairi na mikono yako kwahiyo sehemu kubwa ya uzito umebeba wewe. Tunachotaka sisi ni tairi mbili kubwa na mzigo ukae juu ya ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya tairi. Piga hesabu: kilo 100 zikikaa sentimita 10 tu mbele ya ekseli, na wewe umeshika mita moja na nusu kutoka ekseli, mikononi unapata kama kilo 7. Zikisogea mbele nusu mita unapata kilo 33, mzigo uleule! Ndo maana upakiaji una maana kubwa kuliko nguvu za kijana unayemlipa.

Tairi tafuta za pikipiki, ringi za inchi 18, za mbele zote mbili, kwa mafundi bodaboda au kwenye skrepa, na uchukue pamoja na ekseli yake, beringi zake na breki yake ya ndani ya habu (kile kitovu cha tairi). Hapa usibane hela. Zungusha tairi kwa mkono, ikicheza pembeni beringi zimekwisha, gonga spoki moja moja uone zilizolegea. Tairi za baiskeli mi sizishauri, spoki zake hazipendi mzigo unaolalia pembeni na milima yetu yote ni kulalia pembeni.

Sasa kosa ambalo naliona kwenye mikokoteni mingi ya kienyeji: tairi ya pikipiki inafungwa upande mmoja tu kama ya gari. Ekseli yake ni nyembamba, imetengenezwa ishikwe pande zote mbili, ukiifunga upande mmoja itapinda, itapinda tu. Kwahiyo kila tairi ikae katikati ya mbao mbili. Chukua mbao za mlingoti (mkaratusi) zilizokauka vizuri, inchi 2 kwa 4, mbili ndefu za ndani ziende moja kwa moja mpaka mbele ziwe ndo mikono ya kuvutia, na mbili fupi za nje. Ziunganishe kwa mbao za kukatisha mbele na nyuma ya tairi ukiacha nafasi ya sentimita 70, maana tairi yenyewe ina kama 60. Chini ya kila mbao funga kipande cha flati baa (chuma bapa) cha milimita 6, toboa, ekseli ipite humo. Bolti za spana 17 na washa pande zote, misumari hapana, misumari inalegea kwa mtikisiko na siku inang'oka uko katikati ya mteremko.

Upana kati ya tairi na tairi weka sentimita 75, ndo nafasi tunayoachia matuta ya viazi, kila tairi inapita kwenye mfereji wake na tuta linabaki katikati. Ubaya wake ni kwamba mkokoteni unakuwa mwembamba, kwahiyo mzigo ulale chini, usipange kupita juu ya tairi zaidi ya gunia moja, ukirundika na njia imeinama utapinduka. Maji beba kwenye madumu ya lita 20, sita yanatosha, hiyo tayari ni kilo 120. Pipa la lita 200 sahau kabisa, maji yanachezacheza ndani yanavuta mkokoteni yanakotaka yenyewe.

Breki. Kwa watu wa Mbozi kule tambarare labda mtaniambia haina haja, ila huku kwetu mkokoteni bila breki ni hatari kwa mtu. Mlima unaopanda mita moja kila mita kumi, mkokoteni na mzigo kilo 150, unavutwa chini kwa nguvu ya kilo 15 muda wote hujapumzika, na mwinuko ukikaza zaidi nguvu hiyo inaongezeka. Tumia breki zilezile za habu, vuta waya mpaka kwenye mikono, kulia breki yake kushoto breki yake. Kile kifuniko kinachobeba breki shuu lazima kizuiwe kwa kipande cha chuma kilichofungwa kwenye mbao, usipokizuia kitazunguka na tairi kikate waya, na hapo umebaki na mapambo. Na sheria ya mlimani ni moja, wewe kaa upande wa juu siku zote: ukipanda unavuta uko mbele, ukishuka geuza mkokoteni utangulie wewe unaushikilia kutoka nyuma. Mkipanda, msaidizi avute kwa kamba huko mbele, asisukume akiwa chini yake hata kama mnaona inaenda haraka, na awe na jiwe la kuzuia tairi mkipumzika.

Sakafu piga mbao za paina. Oili chafu watu wanapaka kuzuia kuoza na mchwa, paka chini kwenye fremu, ila pale viazi vinapolala acha, ni chakula hicho. Dawa za kuua wadudu na viazi visipande safari moja.

Kingine, mkokoteni ukishakuwa mzuri majirani watauomba, na kuazimana ni kuzuri, ila udongo unaong'ang'ania kwenye tairi unahamisha mnyauko bakteria kutoka shamba lenye ugonjwa kwenda lisilo nao, na huo ukishaingia kwenye udongo unakaa miaka. Kabla haujatoka shamba moja kwenda lingine kwangua tope lote hapohapo, sugua tairi na sakafu kwa brashi na maji, alafu pitishia maji yenye Jik. Ukiwa unabeba mbegu fanya hivyo hata kama shamba ulilotoka linaonekana zima, maana viazi vinaweza kuwa na vimelea ndani bila jani hata moja kunyauka, hasa huku juu kwenye baridi.