Somo: Likizo ya utumishi mrefu kwa wenye kampuni ndogo za ujenzi Victoria (soma lote kabla ya kunipigia)

Ndugu zangu wa Melbourne, Geelong, Shepparton na kwingineko Victoria, wiki hii nimeulizwa jambo hili mara nne: mbili kwa simu, moja nje ya kanisa, na moja nikiwa juu ya ngazi nimeegemeza bodi ya jipsamu kichwani. Naliandika hapa mara moja, kila mtu alikute.

Mnajua kazi zetu. Leo uko saiti Pakenham, miezi mitano baadaye jengo limeisha, bosi hana kazi nyingine, unahamia kwa mwingine. Sheria ya kawaida ya Victoria inampa mfanyakazi likizo ndefu ya malipo akitimiza miaka 7 kwa mwajiri mmoja. Fundi gani wa ujenzi anakaa miaka 7 kwa bosi mmoja? Ndiyo maana ujenzi una mfuko wake, LeavePlus, ambao wengi bado wanauita CoINVEST, jina lake la zamani. Siku za kazi zinaandikwa kwa fundi, si kwa kampuni. Akihama, siku zinahama naye, kama namba ya NSSF kule nyumbani: waajiri wanabadilika, namba ni ileile. Sheria yake ni ya mwaka 1997, na kwa mwajiri si hiari.

Hatua ya 1. Jua kama unahusika. Umeajiri mtu wa kujenga, kupiga plasta, kupaka rangi, kuweka vigae, kumwaga zege, bomba, umeme, useremala? Unahusika. Hata akiwa mmoja. Hata akiwa kibarua wa siku tatu kwa wiki.

Hatua ya 2. Sajili kampuni mtandaoni kwenye tovuti ya mfuko. Usisubiri barua yao, sajili unapoajiri mtu wa kwanza. Wakikukuta baadaye, utalipia tangu siku ile ya kwanza.

Hatua ya 3. Waandikishe mafundi. Hapa kaeni kitako, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Mwaka wa pili wa kampuni nilimwajiri mzee mmoja wa Uvira, mpiga plasta hodari, tuliyekuwa naye kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nilimwandikisha jioni, tumekaa nyuma ya gari, simu mkononi. Nikaandika jina kama tunavyomwita sote, na tarehe ya kuzaliwa aliyonitajia, ambayo ndiyo ya kweli. Sikumuuliza kama ana namba ya mfuko kutoka kwa bosi wa kabla yangu. Alikuwa nayo. Alikuwa ameandikishwa kwa majina yaliyo kwenye hati zake, jina la ukoo likitangulia, na tarehe 1 Januari kama tulivyoandikiwa wengi kule kambini. Mfumo ukamwona mtu mwingine, ukampa namba mpya. Miaka mitatu nikatuma kila kitu kwenye hiyo namba mpya, bila kukosa hata mara moja.

Mama yake alipofariki, akaomba likizo aende kuzika na kukaa matanga. Karatasi ikaonyesha ana miaka 3 tu. Miaka 4 na ushee ilikuwa imelala kwenye namba nyingine. Kuziunganisha kulitaka hati za mishahara za zamani, barua ya bosi wa kwanza na cheti chake cha uraia, na kulichukua wiki kadhaa. Maiti haingojei. Alikwenda kwa siku chache za likizo yake ya mwaka na nauli ya kukopa, akarudi kabla matanga hayajaanuliwa. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Alinirudishia tu ile karatasi ameikunja mara nne, akaingia kazini.

Kwa hiyo, nawaomba:

Kabla ya kumwandikisha mtu yeyote, muulize: "Umeshawahi kufanya kazi ya ujenzi hapa au jimbo lingine? Una namba?" Akisema hajui, mpe simu awapigie mfuko palepale, mbele yako.

Nakili majina kutoka kwenye hati, herufi kwa herufi, kwa mpangilio wa hati. Usimsahihishie mtu jina. Kama hati imekosea na kuandika Byamungo badala ya Byamungu, wewe andika Byamungo. Na tarehe ni ile ya hati, hata kama nyote wawili mnajua kwamba hakuzaliwa Januari.

Namba isiyopokea siku mpya miaka 4 mfululizo inaweza kufutwa pamoja na siku zake. Namba ya yule mzee ilikuwa imelala mitatu. Nikikumbuka hilo bado najisikia vibaya.

Hatua ya 4. Tuma ritani kila miezi mitatu. Robo zinaishia Septemba, Desemba, Machi na Juni. Unajaza kila fundi, siku zake na mshahara wake wa kawaida. Ovataimu haimo. Na robo ambayo hukuwa na fundi, waambie hukuwa na fundi, usinyamaze.

Hatua ya 5. Lipa asilimia 2.7 ya mshahara huo wa kawaida. Mfano: fundi wa dola 35 kwa saa, saa 38 kwa wiki, ni dola 1,330 kwa wiki. Robo ya wiki 13 ni dola 17,290. Asilimia 2.7 yake ni dola 466.83, yaani kama dola 36 kwa wiki. Pesa hii inatoka kwako. Humkati fundi hata senti. Weka hizo dola 36 pembeni kila wiki unapolipa mishahara, usingoje robo iishe ndipo uanze kuzitafuta.

Hatua ya 6. Fundi akiondoka, andika tarehe aliyoondoka.

Hatua ya 7. Fundi akifikisha miaka 7 ya siku zilizoandikwa, yaani siku 2,555, kwa waajiri wote aliopitia, anaweza kudai wiki 9.1. Akifika miaka 10 ni wiki 13. Kazi yako ni kukubaliana naye tarehe za kuondoka. Malipo yanatoka kwenye mfuko, si kwenye kampuni yako. Nimeona bosi anamkatalia mtu akidhani atamlipa yeye. Ulishalipa, kidogo kidogo, mwache aende akapumzike.

MASWALI

BosiKalume: Mkuu ndefu sana hii. Nifupishie, asilimia ngapi na nalipa lini?

Mwandishi: Hatua ya 4 na ya 5.

Zege_na_Nondo: Vijana wangu wote sita wana ABN zao, yaani namba za biashara za kujitegemea, wananiletea ankara kila Ijumaa. Kwa hiyo mimi sihusiki, sivyo?

Mwandishi: Saa ya kuanza kazi anapanga nani? Mashine na vifaa ni vya nani? Kesho kijana mmoja akitaka kumtuma nduguye badala yake, utakubali?

Zege_na_Nondo: Napanga mimi, vifaa vyangu, na siwezi kukubali mtu nisiyemjua. Lakini wenyewe walikubali ABN, na hela wanapata nzuri.

Mwandishi: Basi hao ni waajiriwa wako waliovalishwa ABN. Kukubali kwao hakubadilishi kitu. Sheria ya kazi ya Australia inalihesabu kuwa kosa kumwambia mwajiriwa kwamba yeye ni mkandarasi wa kujitegemea wakati siye, na kosa hilo lina faini. Tena hapo hujakwepa likizo tu. Kuna pensheni ya asilimia 12 na bima ya ajali kazini. Kijana akianguka kutoka juu ya jukwaa utamwambia nini mama yake? Ongea na mhasibu wiki hii.

Zege_na_Nondo: Sasa mbona unanigeuzia kibao, nimeuliza tu.

Mwandishi: Na mimi nimejibu tu. Kama kuna mmoja wao anayejitegemea kweli, anafanyia watu wengine, ana vifaa vyake na anapanga bei yake, huyo anaweza kujiandikisha mwenyewe kwenye mfuko na kujilipia. Mwambie, wengi hawajui kama njia hiyo ipo.

Mama Neema: Shikamoo kaka. Natunza vitabu vya kampuni ya mume wangu ya vigae, mafundi wanne, wote wameandikishwa. Nina maswali mawili. La kwanza, fundi akitimiza miaka 7 hapa kwetu, si tutamlipa mara mbili, mfuko na sisi? La pili, mimi mwenyewe ninayekaa ofisini naingia wapi? Na samahani kwa la tatu: hii likizo ndefu ilitoka wapi? Kwetu Mwanza sijawahi kuisikia.

Mwandishi: Marahaba dada. La kwanza, hapana, utumishi uleule haulipiwi mara mbili. Fundi wa vigae anachukua kwenye mfuko. La pili, kazi yako si ya ujenzi, kwa hiyo hauko kwenye mfuko. Unahesabiwa kwa sheria ya likizo ya utumishi mrefu ya Victoria ya mwaka 2018: miaka 7 mfululizo kwa mwajiri huyohuyo, kwa kiwango cha sehemu moja ya sitini ya muda uliofanya kazi. Kwa miaka 7 ni takriban wiki 6, na hizo italipa kampuni yenyewe. Ziandike kwenye vitabu kama deni tangu sasa, zisije zikawashtua.

La tatu nimelipenda. Ni jambo la huku. Miaka ya 1860, watumishi wa serikali za makoloni ya Victoria na Australia Kusini walipewa likizo ndefu ili wapande meli warudi Uingereza kuona jamaa zao, kisha warejee kazini. Safari ilikula miezi, likizo ya kawaida isingetosha. Baadaye ikaenea kwa wafanyakazi wote. Kwa maana hiyo iliwekwa kwa watu waliokuwa mbali na kwao, na sisi ndio hao sasa. Tanzania sheria ya kazi inatoa siku 28 za likizo ya mwaka, lakini likizo ya namna hii haimo, ndiyo maana hujaisikia.

Mama Neema: Asante sana. Nitaiandika hiyo sita leo leo, mume wangu ataniuliza ni deni la nani, nitamwambia ni langu.

Kaka_wa_Ipswich: Sisi wa Queensland mbona hatulipi hiyo 2.7? Nimeajiri mwaka wa tano sasa.

Mwandishi: Kwenu ni QLeave, na utaratibu ni mwingine. Pesa inatoka kwenye mradi: kazi ya dola 150,000 au zaidi, bila kodi ya mauzo, inalipiwa ushuru wa asilimia 0.575, na sehemu ya huo ndiyo ya likizo. New South Wales nao wanatoza mradi, asilimia 0.25 kuanzia dola 250,000. Lakini angalia, kutolipa asilimia hakukuondolei wajibu. Bado ni lazima usajiliwe na upeleke siku za mafundi wako. Umezipeleka?

Kaka_wa_Ipswich: Hapana.

Mwandishi: Wapigie kesho asubuhi, useme ukweli. Mafundi wako wana miaka mitano isiyoonekana popote. Na wakihamia huku Melbourne, majimbo yana mkataba wa kutambuliana, siku za huko zinahesabiwa huku, mradi ziwe zimeandikwa.

Perth_Fundi: Na Perth?

Mwandishi: MyLeave. Kwenu mwajiri analipa kila robo kama sisi, ila kiwango chao hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo angalia cha mwaka huu. Mwaka mmoja wa utumishi kwenu ni siku 220 za kazi, na miaka 10 inampa fundi wiki 8 na theluthi mbili. Usichukue hesabu zangu za Victoria ukazipeleka huko.

Da Mapendo: Bonjour kaka. Miye niko Shepparton, niko na kampuni ya usafi, wamama tano. Nijiandikishe pia kwa LeavePlus?

Mwandishi: Bonjour dada. Hapana, LeavePlus ni ya ujenzi. Usafi wa mikataba una mamlaka yake hapa Victoria, Portable Long Service Authority, tangu tarehe 1 Julai 2019. Huko wapo pia walinzi na huduma za jamii. Kwa usafi mwajiri analipa asilimia 1.8, nako ni kila miezi mitatu. Na lile la majina na namba ya zamani fanya vilevile, kwa sababu wamama wa usafi nao wanahama kampuni kila leo.

Da Mapendo: Merci mingi. Wawili walikuja kutoka kampuni ingine ya pa Mooroopna, nitawauliza.

BosiKalume: Nimesoma yote sasa. Incolink nalipa tayari, si ndiyo hiyohiyo?

Mwandishi: Asante kwa kusoma. Siyo hiyo. Incolink ni mfuko wa kiinua mgongo mtu anapopunguzwa kazi. Huu ni wa likizo. Kulipa mmoja hakulipi mwingine.

Plasta_Dandenong: Mimi si bosi, ni fundi. Nimeingia kwenye akaunti yangu ya mfuko baada ya kusoma hatua ya 3. Nimekuta bosi wa 2021 hayumo kabisa, na nilimfanyia miezi kumi na moja. Hati za mshahara ninazo kwenye bahasha.

Mwandishi: Hongera kwa kuitunza hiyo bahasha. Zipige picha zote leo usiku, uzihifadhi mahali pawili. Kesho upigie mfuko, uwaambie una utumishi uliokosekana, utaje jina la kampuni na tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Wao ndio watakaomfuata huyo bosi, usiende kugombana naye. Kama Kiingereza cha kwenye simu kinakusumbua, piga TIS, 131 450, uombe mkalimani wa Kiswahili. Nipo saiti Cranbourne mpaka saa tisa, kisha ukitaka tukae wote upige, njoo nyumbani.