Usukani au fimbo: kaa kwanza kwenye kiti, ndipo uchague

Anayetaka kununua ndege ndogo huniuliza habari ya injini, kisha bei ya mafuta. Kile atakachokishika mkononi safari nzima ili kuiongoza ndege hukikumbuka mwishoni: fimbo inayotoka sakafuni, au usukani unaotoka kwenye dashibodi kama wa gari. Na jibu anakuwa nalo tayari: fimbo ni ya marubani wa vita, usukani ni wa waheshimiwa. Mimi ni fundi wa ndege hapa Lubumbashi. Kazi yangu hunilaza chali chini ya dashibodi, kwa hiyo hayo ya waheshimiwa hayanisumbui.

Anza na kazi. Ukitaka kuajiriwa kubeba watu na mizigo katika nchi hii, utakutana na ndege kama Cessna Caravan na L-410, na zote zina usukani. Jifunze kwenye Cessna 172 yenye usukani, mambo yaishe. Kama ndege ni yako ya kwendea shambani au kujifurahisha, hapo una nafasi ya kuchagua. Sling 2 inayotengenezwa Johannesburg ina fimbo mbili, kila kiti na yake. Zenith CH 701 ina fimbo moja katikati, imegawanyika juu kama panda, kila mtu anashika tawi lake. Wala usidhani fimbo ni ya ndege za mchezo tu: Diamond DA40 inafundishia marubani katika shule kubwa, na ina fimbo.

Sasa panda. Sogeza kiti pale utakapokaa ukiruka, funga mkanda, kisha vuta usukani au fimbo mpaka mwisho, halafu peleka kushoto mpaka mwisho, halafu kulia. Usukani ukigota kwenye tumbo, au fimbo ikizuiwa na paja, ndege hiyo si saizi yako, hata bei ikiwa tamu namna gani. Warefu waangalie magoti yao chini ya usukani.

Baada yako apande yule utakayembeba mara nyingi. Watu wengi husahau hili. Mama aliyevaa libaya na kikwembe akikaa kiti cha kulia chenye fimbo, fimbo inataka kupita katikati ya magoti yake, na kitambaa kimeyabana. Atakunja nguo, ataona haya, na wewe hutapata nafasi ya kulaza fimbo upande wake, maana fimbo yako na yake huenda pamoja. Kwa familia ya namna hiyo mimi nasema usukani, bila kuzunguka. Kuna ndege ambazo fimbo ya kulia hufunguliwa; basi aifungue fundi. Na mkoba uende nyuma, maana ukipakatwa unazuia usukani vilevile.

Fimbo ina uzuri wake hewani. Inasogea kwa kifundo cha mkono tu, na mara nyingi unasikia ndege moja kwa moja, bila ule uzito wa mhimili wa usukani unaosuguana na dashibodi. Upepo wa kipwa ukikukata ubavuni wakati wa kutua, utaifurahia. Usukani nao unakuachia mapaja wazi kwa ramani au tableti.

Wenye magari wana shida yao. Ndege ikiwa chini wanazungusha usukani ili ikate kona, nayo inaendelea mbele. "Papa, volan haishike!" Haishiki kwa sababu pale chini unaongoza kwa miguu, kwenye pedali, usukani unachezesha eleroni, vile vibao vya nyuma ya bawa karibu na ncha. Fimbo haimdanganyi mtu hivyo.

Kabla ya kulipa, mwite fundi afungue. Nyuma ya dashibodi ya ndege yenye usukani mara nyingi kuna minyororo, kapi na nyaya za chuma, zimebanana na waya za redio. Redio ikiwa mpya kuliko ndege, ni hapo naangalia kwanza: waya uliofungwa ovyo unaweza kusuguliwa na mnyororo. Fimbo ni rahisi zaidi kukagua, ila shimo lake la sakafuni linameza kila kitu, kalamu, sarafu, bolti, pamoja na vumbi letu jekundu. Ule mfuko wa ngozi unaoziba shimo ukiwa umechanika, dai ubadilishwe.

Ukishanunua, kabla ya kuruka ondoa kifungio: pini kwenye mhimili wa usukani, au mkanda uliofungia fimbo. Kisha shika huku dole gumba likitazama juu na upeleke kushoto. Dole linapoelekea ndipo eleroni inapopaswa kupanda. Peleka na kulia. Vuta, utazame kibao cha mkia kikipanda. Ukisikia mkwaruzo wowote, usijaribu mara ya pili kwa nguvu; shuka uite fundi.