Hadithi moja kwa safari moja

Kama riwaya nene za fantasia zimekushinda, usikate tamaa. Anza na mkusanyiko wa hadithi fupi za fantasia, zile za kikatili zenye tope na damu. Mimi huzisomea kwenye Coaster ya Moshi kwenda Arusha. Ni kilomita 80 hivi, na hadithi ya kurasa 20 huisha kabla hatujafika Usa River.

Utamu wake ni huu: ufupi unamnyima shujaa nafasi ya kuokoa dunia. Ana usiku mmoja, njaa na deni. Anapatana bei ya kuua zimwi la mtoni kama fundi anavyopatana kazi ya kuezeka bati, kisha kijiji kinataka kumdhulumu. Unamwelewa upesi, bila ramani wala orodha ya wafalme. Na aina hii ilikulia majaridani: shujaa Conan wa mwandishi Robert E. Howard alianza katika jarida la Marekani mwaka 1932, na muua mazimwi Geralt wa mwandishi Andrzej Sapkowski katika jarida la Poland mwaka 1986.

Ila usisome kwa pupa. Maliza moja, funga kitabu, tazama nje kidogo. Ukiunganisha tatu mfululizo, vifo vinaanza kufanana. Inayokuchosha iruke, isipokuwa wahusika wakiwa ni wale wale. Hapo fuata mpangilio.

Ukikuta kitabu cha mtumba, fungua hadithi ya katikati usome aya ya kwanza ukiwa umesimama hapo hapo. Kama tayari kuna mtu anadai chake, nunua.