Kuegesha gari Uingereza bila kupanda njia ya waenda kwa miguu

Dereva aliyezoea kupandisha gari pembeni mwa barabara kila apatapo nafasi hushangazwa na faini mapema sana akihamia Uingereza. Sheria ya kuegesha juu ya njia ya waenda kwa miguu, au juu ya ukanda wa nyasi unaopakana nayo, hubadilika kulingana na mahali ulipo, kwa hiyo usiige gari la jirani. Huenda yeye naye ameshalipa mara mbili.

London ndiyo kali, na marufuku yake ni ya tangu 1974. Usisubiri kuona bango la kukataza wala mistari ya njano, kwa maana katika karibu mitaa yote marufuku ipo bila alama, na gurudumu moja tu likiwa juu ya ukingo linatosha kukuletea faini. Kinachowekewa alama ni ruhusa: tafuta kibao cha buluu chenye herufi P na mchoro wa gari lililopanda ukingo, kisha uutazame mchoro wenyewe, kwa sababu ukionyesha magurudumu ya upande mmoja tu yakiwa juu, anayepandisha yote manne ametenda kosa hata akiwa mbele ya kibao hicho. Kadi ya buluu ya watu wenye ulemavu haibadilishi jambo hili.

Uskoti ilipitisha marufuku yake katika sheria ya 2019, ikaanza kutumika Desemba 2023, na Edinburgh ikaanza kutoza faini Januari 2024. Kiwango ni pauni 100, au 50 ukilipa ndani ya siku 14. Anayepakia au kupakua mizigo ya biashara huvumiliwa kwa muda usiozidi dakika 20, ikiwa hana namna nyingine na ameacha mita 1.5 wazi, upana ambao kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto hupita bila kushuka barabarani.

Katika England nje ya London hakuna marufuku moja ya jumla, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Halmashauri inaweza kuupiga marufuku mtaa fulani kwa amri yake na kuweka vibao. Polisi nao wanaweza kumshtaki anayeziba njia. Zaidi ya hayo, mistari ya njano iliyochorwa barabarani huhesabiwa hadi kwenye njia ya miguu na nyasi zilizo nyuma yake, hivyo kuivuka na kusimama juu ya nyasi hakukuokoi. Kabla ya kuhamia mtaa mpya, soma ukurasa wa maegesho katika tovuti ya halmashauri yako.

Nyasi zilizo mbele ya nyumba huwapotosha wengi, kwani mtu huzifyeka mwenyewe miaka nenda rudi akadhani ni zake, ilhali mara nyingi ni sehemu ya barabara ya umma. Majira ya baridi udongo hulowa, na gari likisimama usiku mmoja tu huacha mifereji miwili ya matope. Ukitaka kuegesha uani, omba halmashauri ikuruhusu kushushiwa ukingo, yaani ukingo wa njia ya miguu uinamishwe hadi usawa wa barabara ili gari lipite. Gharama ni yako.

Ukikuta notisi kwenye kioo, piga picha kabla ya kuondoa gari: magurudumu yalipo, vibao vyote vya karibu, na alama zilizofutika. Anayedaiwa ni mwenye gari, hata kama aliyeliendesha ni shemeji yake. Katika England, pinga kwa maandishi ndani ya siku 14, muda uleule ambao faini hupunguzwa nusu. Ukikataliwa na usilipe, mwenye gari atatumiwa barua rasmi na kupewa siku 28 za kujibu, na akikataliwa tena anaweza kukata rufaa katika baraza huru la rufaa za maegesho, bila ada.