Kuondoa pengo kati ya nyimbo unapotiririsha muziki kwenye simu

Kwenye taarab iliyorekodiwa ukumbini, mpiga qanuni anamaliza taksim, yaani kipande chake cha utangulizi cha kupiga peke yake, na mwimbaji anadaka pale pale. Kwenye albamu, taksim inaweza kuwa namba 3 na wimbo namba 4, faili mbili tofauti. Zipige kwenye simu ambayo haijapangwa vizuri: mlio wa mwisho wa qanuni unakatika, kinapita kimya kidogo, halafu mwimbaji anaingia kama mtu aliyesukumwa mlangoni. Ukumbini kimya hicho hakikuwepo. Kimezaliwa njiani, kati ya faili, programu, mtandao na spika, na kazi ya mwongozo huu ni kukutafutia kimezaliwa wapi hasa.

Kazi yangu ni kuhamisha muziki wa kanda na santuri kwenda kwenye faili. Wateja wengi wakilisikia pengo hukimbilia krosifedi, ile mipangilio inayofifisha wimbo unaoisha huku unaofuata ukipanda. Naomba usiitumie kama dawa. Krosifedi inalaza sekunde kadhaa za wimbo mmoja juu ya mwingine, kwa hiyo pale ambapo muziki ulikuwa unaendelea bila kukatika unapata midundo miwili inayogombana. Kupiga bila pengo maana yake sampuli (kipimo kimoja kati ya maelfu ya vipimo vya sauti vya kila sekunde) ya mwisho ya wimbo wa kwanza inafuatwa moja kwa moja na sampuli ya kwanza ya wimbo wa pili. Hakuna kinachoongezwa, hakuna kinachopunguzwa.

Kimya kinatoka wapi

MP3 huhifadhi sauti kwa fremu (mafungu) za sampuli 1,152. Kwa muziki wa sampuli 44,100 kwa sekunde, fremu moja ni takriban milisekunde 26. Ni nadra sana wimbo kuishia sawasawa mwisho wa fremu, kwa hiyo programu inayotengeneza MP3 hujaza nafasi iliyobaki kwa kimya. Mwanzoni nako kuna nyongeza: LAME, programu inayotumika zaidi kutengeneza MP3, huongeza sampuli 576, na upande wa kusoma huongeza 529. Jumla ni sampuli 1,105, yaani milisekunde 25 za kimya kabla wimbo haujaanza. AAC, aina nyingine ya faili za sauti, hutumia fremu za sampuli 1,024, na ile inayotengenezwa na programu za Apple kwa kawaida huanza na sampuli 2,112 za ziada, karibu milisekunde 48.

Jumlisha mkia wa wimbo mmoja na kichwa cha unaofuata, unapata milisekunde 50 hivi au zaidi. Kwenye muziki wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500. Ukipoteza sehemu ya kumi ya pigo katikati ya chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo wa dansi, hata asiyejua kucheza atasikia ngoma imeyumba.

Ubaya huu una tiba tangu zamani. LAME huandika ndani ya fremu ya kwanza idadi ya sampuli za kutupa mwanzoni na mwishoni. Faili za AAC hubeba taarifa hiyo kwenye lebo au kwenye muundo wa faili lenyewe. Opus na Vorbis, nazo aina za faili za sauti zilizobanwa, zimeizingatia tangu zilipobuniwa, na FLAC haihitaji chochote kwa sababu inahifadhi sampuli zote kama zilivyo. iTunes ilianza kupiga bila pengo kwenye toleo la 7, mwaka 2006. Android 4.1 ya mwaka 2012 iliwapa watengenezaji wa programu njia ya kuandaa wimbo unaofuata kabla unaopigwa haujaisha. Kwa hiyo ukisikia pengo leo, ama programu haisomi taarifa iliyopo, ama kuna kitu kimeichelewesha.

Hatua ya 1: Sikiliza urefu wa kimya

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, chagua albamu ya tamasha ambayo makofi ya watazamaji yanavuka kutoka wimbo hadi wimbo. Zima uchanganyaji wa nyimbo (shuffle), rudi kwenye sekunde za mwisho za wimbo mmoja, acha uvuke. Rudia mahali hapo hapo mara kadhaa.

Kimya kifupi mno, kama kidonda kwenye sauti, kinachojirudia kwa urefu ule ule: ni sampuli za ziada ambazo hazikutupwa. Kimya cha nusu sekunde au sekunde nzima, nacho kikijirudia vile vile: programu inafunga mlango wa sauti na kuufungua upya kwa kila wimbo. Kimya kinachobadilika, mara kipo mara hakipo, mara sekunde 1 mara 4: huo ni mtandao, au simu inaibana programu ikiwa chinichini. Na kama makofi yenyewe yanafifia taratibu kabla ya kimya, basi aliyetengeneza albamu ndiye aliyeyafifisha. Hapo hakuna mipangilio itakayokusaidia.

Hatua ya 2: Fanya jaribio lisilodanganya

Makofi yanatosha kwa wengi. Mimi napenda jaribio la mlio mmoja mfululizo, kwa sababu mlio hauna pa kuficha pengo. Huhitaji kompyuta. Kwenye Android weka Termux, programu ya kuandika amri, kutoka F-Droid, duka la programu huria, ifungue, kisha andika mstari mmoja mmoja:

pkg install ffmpeg
termux-setup-storage
cd ~/storage/music
ffmpeg -f lavfi -i "sine=frequency=220:sample_rate=44100:duration=20" sauti.wav
ffmpeg -i sauti.wav -t 10 -metadata album=JaribioA -metadata track=1 a.flac
ffmpeg -ss 10 -i sauti.wav -metadata album=JaribioA -metadata track=2 b.flac

Mstari wa pili utaomba ruhusa ya kufikia hifadhi ya simu; kubali. Sasa una mlio wa sekunde 20 uliokatwa katikati. Tengeneza na jozi ya MP3:

ffmpeg -i sauti.wav -t 10 -c:a libmp3lame -b:a 192k -metadata album=JaribioB -metadata track=1 a.mp3
ffmpeg -ss 10 -i sauti.wav -c:a libmp3lame -b:a 192k -metadata album=JaribioB -metadata track=2 b.mp3

Fungua JaribioA kwenye programu yako ya muziki, ukitumia hedifoni za waya kama unazo. Mlio ukipita sekunde ya 10 bila wewe kujua, programu yako inajua kazi yake. Ukikatika hata kwenye FLAC, programu inafungua sauti upya kila wimbo. Nenda hatua ya 3, na isiposaidia badilisha programu. FLAC ikipita safi lakini MP3 ikakatika, programu haisomi taarifa za LAME. Kwenye MP3 unaweza kusikia mguso mdogo kama kidole kwenye meza. Huo unatokana na kubana kila nusu peke yake, na kwenye muziki halisi haujitokezi hivyo. Unachotafuta ni kimya.

Hatua ya 3: Mipangilio ya programu

Kwenye Spotify ingia Mipangilio, kisha sehemu ya kucheza muziki. Washa swichi ya "Gapless". Kitelezi cha "Crossfade", kinachoenda mpaka sekunde 12, kirudishe sifuri. Zima pia "Automix", inayochanganya nyimbo kama DJ.

Apple Music haina swichi ya kuondoa pengo kwa sababu hufanya hivyo yenyewe. Unachotakiwa ni kuzima vinavyoingilia: krosifedi, iliyoingia kwenye iPhone na iOS 17 mwaka 2023, na AutoMix iliyokuja na iOS 26. Vyote utavipata kwenye mipangilio ya Music.

Kama unasikiliza kupitia kivinjari cha simu badala ya programu, hamia kwenye programu kwanza. Kurasa nyingi hupakia kila wimbo kama kitu kipya kabisa, na pengo ndilo matokeo yake.

Kuna jambo moja linalosahaulika: usawazishaji wa sauti. Hauleti kimya, lakini ukisawazisha wimbo mmoja mmoja, makofi yale yale yatashuka au kupanda ghafla pale faili zinapokutana, na sikio litasema pana pengo. Ukipiga albamu nzima kwa mpangilio wake, Spotify huisawazisha kama kitu kimoja. Kwenye programu za faili zako mwenyewe, kama Poweramp au foobar2000, tafuta ReplayGain, yaani usawazishaji wa sauti kwa faili zako, na uchague kipimo cha albamu, si cha wimbo.

Hatua ya 4: Mtandao na bando

Pakua albamu ile ya majaribio, weka simu kwenye hali ya ndegeni, rudia mahali pale pale. Pengo likitoweka, tatizo lako ni njia, na suluhisho bora ni hilo hilo ulilolifanya: kupakua kabla.

Kama nafasi ya simu ni ndogo au unasikiliza vitu vipya kila siku, punguza ubora kwa makusudi. Kwa kilobiti 320 kwa sekunde, wimbo wa dakika 4 ni takriban MB 9.6, kwa 160 ni 4.8, kwa 96 haufiki hata 3. Albamu ya dakika 45 ni MB 108 kwa ubora wa juu na MB 32 hivi kwa 96. Programu inatakiwa ianze kuvuta wimbo unaofuata wakati huu unaendelea kupigwa, na ndani ya daladala au matatu inayopita mabondeni, faili dogo ndilo linalowahi kufika. Ningechagua 160 inayotiririka kuliko 320 inayokatika, bila kusita. Mipangilio ya ubora wa kujirekebisha wenyewe iache. Chagua kiwango kimoja na ubaki nacho.

Hatua ya 5: Betri

Dalili yake ni moja: pengo linakuja kioo kikiwa kimezimwa tu. Simu inaibana programu ikiwa chinichini, nayo inachelewa kuandaa wimbo unaofuata. Zima kiokoa betri kwa muda, kisha ingia kwenye orodha ya programu, chagua ile ya muziki, fungua sehemu ya betri na uiruhusu itumie chaji bila kizuizi.

Hatua ya 6: Bluetooth na spika za mtandao

Bluetooth husingiziwa mno. Simu inafungua faili, inaunganisha nyimbo, ndipo inabana upya mkondo mzima na kuutuma kwenye hedifoni. Mkondo usipokatika, hedifoni hazijui kwamba wimbo umebadilika. Lakini programu ikifunga sauti hata kwa robo sekunde, baadhi ya hedifoni hujizima kwa kimya kisha hukawia kuamka, na pengo dogo linakuwa kubwa. Wakati mwingine neno la kwanza la wimbo linamezwa kabisa. Ndiyo maana nimesisitiza waya kwenye hatua ya 2. Waya ukiwa safi na bluetooth ikakatika, chunguza pia kama nyimbo zako zina sampuli tofauti, moja 44,100 na nyingine 48,000, maana hapo simu inaweza kulazimika kufungua sauti upya.

Chromecast na spika za DLNA, zinazopokea muziki kupitia mtandao wa nyumbani, ni habari nyingine. Simu haipigi muziki. Inatuma anwani tu, na spika inajivutia faili yenyewe. Hata simu yako iwe bora namna gani, spika isiyoweza kupokea anwani ya wimbo unaofuata mapema itaacha pengo. Albamu za aina hii zipige kwa waya au bluetooth.

Hatua ya 7: Seva yako na rekodi zako

Wenye seva ya nyumbani ya kutiririsha muziki wao wenyewe, kwa mfano Navidrome, hukutana na mtego mmoja. Faili zao ni FLAC safi, lakini wakiwa nje wameiamuru seva ibadilishe kuwa MP3 papo hapo ili kuokoa bando. Taarifa za LAME hukamilishwa kwa kurudi mwanzo wa faili baada ya wimbo kuisha, na mkondo unaotumwa moja kwa moja hauwezi kurudi nyuma. Taarifa zinapotea, pengo linarudi. Chagua Opus badala ya MP3: idadi ya sampuli za kuruka imeandikwa mwanzoni kabisa, na mwisho halisi wa wimbo umo kwenye ukurasa wa mwisho wa mkondo. Opus ya kilobiti 128 inatosha kwa safari, na programu ya Symfonium kwenye Android huipiga vizuri.

Ukihamisha kanda, rekodi upande mzima kama faili moja la WAV au FLAC. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, weka alama kila wimbo unapoanza, kisha toa faili nyingi kwa mkupuo kwa kufuata alama hizo, bila kufifisha popote. Usikate MP3 iliyokwisha kubanwa. Kama programu zako zote zinagoma, acha upande wote kuwa faili moja. Ndivyo baadhi ya programu za Qur'ani zinavyofanya, sura nzima faili moja na orodha ya nyakati za aya pembeni, na msomaji hasikiki akikatika kati ya aya na aya.

Zimebaki santuri za mizunguko 45, ambapo wimbo wa dansi uligawanywa: mashairi upande A, chemko upande B. Hapo kimya kimo ndani ya rekodi, mara nyingi upande A ukifia taratibu na B ukianza na nguvu zake. Punguza mngurumo mtupu wa sindano mwishoni mwa A na mwanzoni mwa B, kisha ziache zifuatane. Nikipewa kazi hiyo huwa siunganishi pande mbili kuwa wimbo mmoja hata mteja akiomba, ila nikimpa na nakala ya pili isiyoguswa.